Tunahesabu vifaa, kazi inatupita

Mwongozo wa kimataifa unaozielekeza ofisi za takwimu namna ya kupima matumizi ya TEHAMA kwenye biashara una ufafanuzi mmoja wa kushangaza. Kompyuta, unasema, ni ya mezani, ya mapajani au ya mkononi. Kifaa kingine chenye uwezo wa kompyuta ndani yake, kama simu ya mkononi au televisheni, hakihesabiwi. Matoleo ya baadaye yaliingiza kishikwambi kwenye orodha, lakini simu janja ikatajwa waziwazi miongoni mwa vinavyoachwa nje. Basi mfanyabiashara anayepokea oda kwa simu, anayewalipa wauzaji wake wa jumla kwa simu, anayetunza orodha ya wadaiwa kwenye simu na kutangaza bidhaa kwa picha alizopiga kwa simu hiyohiyo, mdadisi akimuuliza kama biashara yake inatumia kompyuta, jibu sahihi ni hapana. Jirani yake mwenye kompyuta ya mezani inayochapa barua mbili kwa mwezi anajibu ndiyo, na ndiye anayeingia kwenye ripoti kama biashara ya kisasa.

Sisemi hivi kuwakejeli waliotunga mwongozo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe mfupi, na kazi waliyopewa ilikuwa ngumu: kutafuta kipimo kimoja ambacho nchi zenye uchumi wa namna tofauti kabisa zingeweza kukitumia, kisha matokeo yakalinganishwa. Ila kipimo hicho kilishonwa kwa mwili wa mteja mwingine, na miaka ishirini baadaye nchi zinazoendelea bado zinakivaa.

Historia yake ni fupi. Mkutano wa kilele wa dunia kuhusu jamii ya habari ulifanyika kwa awamu mbili, Geneva Desemba 2003 na Tunis Novemba 2005. Kati ya awamu hizo, Juni 2004, kwenye mkutano wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, mjini São Paulo, mashirika kadhaa yakiwemo ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), UNCTAD, OECD (jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri), Benki ya Dunia na taasisi ya takwimu ya UNESCO yalianzisha ushirikiano wa kupima TEHAMA kwa ajili ya maendeleo. Mwaka 2005 ikatoka orodha ya viashiria vya msingi, na mwaka 2007 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikaiidhinisha. Upande wa biashara vilikuwa 12, kutoka B1 hadi B12: biashara ngapi zinatumia kompyuta, ngapi zinatumia intaneti, ngapi zina tovuti, ngapi zinapokea oda kwa intaneti, ngapi zina mtandao wa ndani, na kadhalika. Mawazo mengi yalitoka OECD na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ambako tafiti za aina hii zilikuwa tayari zinafanyika, na ambako biashara ya kawaida ina anwani, nambari ya mlipa kodi, mhasibu, na mtu ambaye kazi yake ni kujaza madodoso.

Yapitie maswali hayo uone yanachotafuta. Karibu yote yanauliza kama kitu kipo au hakipo. B2 na B4 zinajaribu kwenda mbele kidogo kwa kuuliza ni wafanyakazi wangapi wanaotumia kompyuta au intaneti mara kwa mara, yaani angalau mara moja kwa wiki. B12 pekee ndiyo inayouliza intaneti inafanya kazi gani: huduma za benki, kushughulika na serikali, kuhudumia wateja, kuajiri, kufundisha wafanyakazi. Hata hiyo inaishia kwenye ndiyo na hapana. Biashara iliyowahi kulipia kitu kimoja kwa njia ya benki ya mtandao na ile isiyogusa tena fedha taslimu zinapata alama ileile.

Jambo linalonisumbua zaidi ya maswali ni nani anayeulizwa. Tafiti za Ulaya huanzia kwenye biashara yenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Tafiti za Benki ya Dunia kuhusu biashara, ambazo kwa nchi nyingi maskini ndiyo chanzo pekee kinachopatikana kila baada ya miaka kadhaa, huanzia kwenye biashara iliyosajiliwa yenye wafanyakazi 5, na kuhusu TEHAMA kwa muda mrefu zilibeba maswali mawili mepesi: mnayo tovuti yenu wenyewe, na mnawasiliana na wateja na wauzaji kwa barua pepe? Sasa weka hilo kando ya makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018: watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wanaofanya kazi duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi, Afrika ni karibu asilimia 86. Sehemu kubwa ya biashara wanazofanya watu hao haina mlango wa kubishwa na mdadisi mwenye orodha ya msajili mkononi. Ripoti ikiandika kwamba asilimia fulani ya biashara za nchi zina intaneti, inazungumzia kipande cha uchumi kilichokubali kusajiliwa, kikafikisha idadi ya wafanyakazi inayotakiwa, na kikapatikana siku hiyo. Maelezo hayo huwa yamo kwenye kiambatisho. Waziri hasomi kiambatisho, na kusema kweli mwandishi wa habari pia hakisomi.

Hata ndani ya kipande hicho hesabu inaweza kuharibika bila mtu kudanganya. Chukua nchi ya kubuni yenye biashara 10,000 kwenye sajili: kubwa 200 na ndogo 9,800. Ofisi ya takwimu inahoji kubwa 100 na ndogo 300, na hapo imefanya sawa, kwa sababu kubwa ni chache na zinabeba sehemu nzito ya uzalishaji, ni lazima uzikamate za kutosha. Kubwa 95 kati ya zile 100 zina intaneti. Ndogo zenye intaneti ni 60 kati ya 300. Ukizijumlisha hivihivi unapata 155 kati ya 400, karibu asilimia 39. Ukizipa uzito kulingana na idadi yake halisi, kubwa zinakuwa 190 na ndogo 1,960, jumla 2,150 kati ya 10,000, yaani asilimia 21.5. Nchi ni ileile na madodoso ni yaleyale, lakini takwimu moja inakaribia kuwa maradufu ya nyingine. Halafu ongeza suala la mgawanyo: anayetaka kusifu huchukua biashara zinazopokea oda mtandaoni akazigawa kwa biashara zenye intaneti tu, anayetaka kulalamika huzigawa kwa biashara zote. Nimeona jedwali likisafiri kutoka ripoti moja kwenda nyingine na kupoteza kigawanyo njiani, mwishowe likageuka ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Kinachopotea kwa kupima namna hii kinaonekana vizuri ukiangalia utafiti mmoja ambao haukupita njia hiyo kabisa. Mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa wa kaskazini mwa jimbo la Kerala, India, kati ya 1996 na 2001, kipindi ambacho mtandao wa simu za mkononi ulikuwa unaingia kwenye pwani hiyo eneo moja baada ya jingine. Kabla ya simu, mvuvi alirudi ufukwe wa kwao na kuuza kwa bei aliyoikuta. Kuzunguka kwenye masoko mengine kulikula mafuta na muda, na soko la ufukweni hufungwa mapema. Jensen anataja asubuhi moja ya Januari 1997 katika ufukwe wa Badagara: wavuvi 11 wamekosa wanunuzi na samaki wanakaribia kumwagwa, ilhali katika masoko yaliyo ndani ya kilomita 15 wanunuzi 27 walikuwa wanaelekea kuondoka mikono mitupu. Simu zilipofika, wavuvi walianza kupiga wakiwa bado baharini, kwani minara ilisikika kilomita zaidi ya 20 kutoka pwani. Wakachagua pa kutia nanga kabla ya kufika. Tofauti za bei kati ya masoko zikapungua sana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Ninaurudia utafiti huo kila ninapobishana juu ya viashiria, kwa sababu kwa mizani ya B1 hadi B12 hakuna kilichotokea Kerala. Chombo cha uvuvi hakikuwa biashara iliyosajiliwa yenye wafanyakazi 10. Uvuvi wenyewe haumo kwenye sekta zinazohojiwa na tafiti za Ulaya ulikotoka mfano huu. Simu haikuwa kompyuta. Tovuti hapakuwa, oda ya mtandaoni hapakuwa. Ripoti ya kawaida ya TEHAMA katika biashara ingeandika sifuri kwenye kila safu, wakati ule ule teknolojia ilikuwa inabadilisha soko zima kwa kiwango ambacho mradi wowote wa mamilioni ungejivunia. Jensen aliliona kwa sababu alipima bei, samaki waliotupwa na chombo kilitia nanga wapi. Alipima kazi ilivyobadilika. Nani ana kifaa gani lilikuwa swali dogo pembeni.

Wapo watakaosema mfano huo ni wa zamani na leo kila mtu yuko mtandaoni. Ndiyo, na ndiyo maana hali imezidi kuwa tata. Tazama oda moja tu inayofika kwa WhatsApp: mteja ameona picha kwenye ukurasa wa muuzaji, ameandika anataka vipande vitatu, wamekubaliana bei, amelipa kwa simu, mzigo umepelekwa na bodaboda. Je, hiyo ni biashara mtandao? Ufafanuzi wa OECD uliorekebishwa mwaka 2009 unataka oda iwe imepita kwenye mfumo uliotengenezwa mahsusi kupokea au kutoa oda, na unazitaja oda za simu ya sauti, za faksi na za barua pepe iliyochapwa kwa mkono kuwa haziingii. Malipo na usafirishaji si lazima vifanyike mtandaoni. Kwa tafsiri hiyo, mazungumzo ya kuchati yanafanana mno na barua pepe iliyochapwa kwa mkono, kwa hiyo nje. Lakini kiashiria B7, katika mwongozo wa UNCTAD wa mwaka huohuo wa 2009, kinahesabu oda zilizopokelewa kwa tovuti, kwa masoko ya mtandaoni, kwa simu zenye intaneti na kwa barua pepe. Kwa tafsiri hiyo, ndani. Muuzaji hajabadilisha chochote, anaingia na kutoka kwenye takwimu kulingana na mwongozo uliofunguliwa mezani.

Ukurasa wake nao una mushkeli. Ili biashara ihesabiwe kuwa na uwepo mtandaoni, inatakiwa iwe na udhibiti wa maana juu ya yaliyomo kwenye ukurasa; kuorodheshwa tu kwenye saraka hakutoshi. Ukurasa kwenye mtandao wa kijamii uko upande gani? Picha na bei anaziweka yeye, lakini mpangilio ni wa kampuni nyingine, nani auone ukurasa ni uamuzi wa kampuni hiyo, na siku moja unaweza kufungwa bila taarifa. Nionavyo mimi uhesabiwe, lakini kwa safu yake peke yake. Kuuchanganya na tovuti kunaficha utegemezi ambao mtunga sera angepaswa kuujua.

Madhara yanafika hadi kwenye takwimu za dunia. UNCTAD ilitoa mwaka 2024 makadirio kwamba mauzo ya biashara kwa njia ya mtandao yalifikia dola trilioni 27 mwaka 2022. Tarakimu hiyo inatokana na nchi 43 zenye takriban robo tatu ya pato la dunia, nyingi zikiwa zilizoendelea. Nchi nyingine zote hazimo, na kutokuwamo kwao si sawa na sifuri, japo ndivyo linavyosomeka pengo kwenye ramani yenye rangi. Malengo ya Maendeleo Endelevu hayakusaidia: yana kiashiria cha watu wanaotumia intaneti, cha eneo lenye mtandao wa simu, cha umiliki wa simu, cha ujuzi, hata cha shule. Cha biashara hakuna. Ofisi ya takwimu yenye bajeti finyu huanza na inachodaiwa.

Njia bora zaidi zipo. Ninayoikubali zaidi ilitumika kwenye utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu teknolojia katika biashara, uliofanyika Senegali, Vietnam, jimbo la Ceará la Brazili na kwingineko, na matokeo yake yakakusanywa mwaka 2022. Pale biashara inagawanywa kwa shughuli: utawala na hesabu, kupanga uzalishaji, ununuzi, kutafuta soko, mauzo, malipo, ukaguzi wa ubora. Kwa kila shughuli yanaulizwa maswali mawili. La kwanza: mnatumia njia zipi kati ya hizi, kutoka daftari la mkono hadi programu inayounganisha idara zote? La pili, ambalo ndilo lenye thamani: kati ya hizo, ipi mnaitumia zaidi? Hapo ndipo siri inatoka. Biashara nyingi zilikuwa na teknolojia ya juu, lakini kazi yenyewe bado ilienda kwa njia ya zamani. Programu ya hesabu imenunuliwa, na daftari ndilo linaloaminiwa jioni. Dodoso la ndiyo na hapana lingeweka alama ya ndiyo na kuondoka.

Utafiti huo una ugonjwa wake: nao huanzia kwenye wafanyakazi 5. Lakini dawa ya kuwafikia wadogo haihitaji kubuniwa upya. Tafiti zinazoitwa 1-2-3, zilizojaribiwa Yaoundé mwaka 1993 na baadaye kufanyika katika miji mikubwa ya Afrika Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 2000, huanzia kwenye kaya. Awamu ya kwanza inauliza nani anafanya kazi gani. Anayesema ana shughuli yake mwenyewe isiyosajiliwa anafuatwa katika awamu ya pili na kuhojiwa kama biashara. Ya tatu inaangalia matumizi ya kaya. Biashara isiyo na bango mlangoni inapatikana kupitia mwenye nayo. Taasisi ya utafiti ya Research ICT Africa ya Cape Town nayo imehoji wafanyabiashara wadogo na wasio rasmi katika nchi kadhaa za Afrika tangu miaka ya 2000, kwa hiyo hoja kwamba watu hawa hawapimiki imekwisha nguvu zamani.

Ugumu halisi ni hofu ya kodi. Swali kuhusu mauzo ya mtandaoni likitoka kwa mtu mwenye kitambulisho cha serikali, majibu yanapungua ukubwa palepale. Kanuni za msingi za takwimu rasmi, zilizopitishwa na Tume ya Takwimu mwaka 1994 na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014, zinataka taarifa za mhojiwa ziwe siri na zitumike kwa takwimu tu. Kwenye karatasi ahadi hiyo ni safi. Mfanyabiashara hutazama jengo ambalo mdadisi anatoka, na kama mamlaka ya kodi iko ghorofa ya juu yake, kanuni ya mwaka 1994 haimwambii kitu.

Wengine wanadhani suluhisho ni kuachana na madodoso na kuchukua data za miamala ya simu na stakabadhi za kielektroniki. Zichukuliwe, kwa tahadhari. Wauzaji wengi hupokea malipo kwenye akaunti binafsi ili kukwepa makato ya akaunti ya biashara, hivyo mchango wa harusi na malipo ya mzigo vinaonekana kitu kimoja. Mashine ya stakabadhi nayo inaonyesha nani amelazimishwa kuwa nayo. Na kampuni ya simu itaonyesha inachotaka kuonyesha.

Vivyo hivyo kwa wale wanaokimbilia kusema biashara zenye tovuti zina tija kubwa kwa hiyo tovuti ziongezwe. Biashara yenye tija ndiyo yenye fedha za kutengenezesha tovuti. Kwa dodoso la mara moja huwezi kujua kipi kimemvuta mwenzake. Mchumi Robert Solow alilalamika mwaka 1987 kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija, na hiyo ilikuwa Marekani, yenye takwimu za miaka mingi mfululizo. Ili kujua mfuatano wa mambo unahitaji kurudi kwa biashara zilezile mwaka baada ya mwaka, na hapo ndipo swali la fedha linapokuja.

Nchi nyingi hufanya utafiti mmoja mkubwa kwa fedha za mfadhili, wanatoa ripoti yenye jalada zuri, kisha kimya cha miaka saba au kumi. Brazili ilichagua vingine. Kituo chake cha Cetic.br kimekuwa kikifanya utafiti wa TEHAMA katika biashara tangu 2005, na fedha zinatokana na ada za kusajili majina ya tovuti yanayoishia na .br. Si msaada, wala haisubiri bajeti ya wizara. Kila jina linalosajiliwa linachangia kidogo kwenye gharama za kuhoji. Utafiti wao nao unaanzia kwenye wafanyakazi 10, lakini angalau wana mfululizo wa kulinganisha nao.

Mfuko wa majina ya tovuti hauwezi kuigwa kila mahali, kwani nchi ndogo huuza majina machache. Utafiti mzima wa peke yake hauhitajiki pia. Utafiti wa nguvukazi unaofanyika tayari unaweza kubeba maswali sita kwa kila mwenye shughuli yake: oda hufika kwa njia gani zaidi, malipo hupokelewa kwa njia gani zaidi, hesabu hutunzwa wapi, bidhaa hununuliwa kwa kuwasiliana vipi, mteja mpya hukujuaje, na kati ya hayo ni lipi limebadilika tangu mwaka jana. Majibu yawe ya kuchagua njia inayotumika zaidi, simu ihesabiwe kama simu badala ya kulazimishwa kuwa kompyuta au si kitu, na faili la majibu lisilo na majina litolewe pamoja na uzito wa sampuli ili mwingine aweze kurudia hesabu.